Motokari Ndogo Nayo Ina Maandishi

Mwanafunzi wa kitivo cha lugha akisema anataka kuandika tasnifu juu ya motokari za kuchezea, wenzake watacheka, na huenda mwalimu akamwelekeza kwa upole kwenye riwaya au methali. Kwa maoni yangu, wanaocheka wana haraka. Historia ya motokari ndogo za kusubu, yaani zile zinazotengenezwa kwa kusukuma madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu, inatuhusu sisi watu wa maandishi kuliko tunavyodhani. Tena inatuonyesha kazi ambayo bado hatujaifanya hapa kwetu.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1893 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, Marekani. Moja ya mashine zilizoonekana huko ni Linotype, mashine ya wapiga chapa iliyomimina risasi ya moto na kutoa mstari mzima wa herufi kwa mara moja. Charles Dowst, ambaye pamoja na ndugu yake alikuwa akichapisha jarida la wenye kazi ya udobi, aliitazama akawaza kwamba kinachosubu herufi kinaweza kusubu na vitu vingine vidogo. Walianza na vifungo na vipambo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni yao ilikuwa tayari inatoa Ford T ndogo, na baadaye vichezeo vyake vikajulikana kwa jina la Tootsietoy. Basi motokari ya kusubu ni mjukuu wa herufi ya chapa.

Huko Uingereza, Frank Hornby wa kampuni ya Meccano mjini Liverpool alitoa motokari zake mwanzoni kama vikorombwezo vya treni za kuchezea. Mwaka 1934 zikapewa jina la Dinky Toys. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, Leslie Smith na Rodney Smith, marafiki wasio ndugu, waliunganisha majina yao wakapata Lesney, kampuni iliyofanya kazi London. Mwenzao Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu tu kichezeo kinachoenea ndani ya kisanduku cha kibiriti. Baba akamtengenezea gari dogo la kushindilia barabara. Kutoka hapo likazaliwa, mwaka 1953, jina la Matchbox, ambalo maana yake ni kisanduku hichohicho cha kibiriti. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya Marekani ilileta Hot Wheels, zenye magurudumu mepesi yaliyokimbia kuliko yote, na mwaka uliofuata Lesney ikalazimika kubadili magurudumu yake.

Watoto waliozichezea walikua, na baadhi yao wakawa wakusanyaji. Hapo ndipo ninapoomba wanafunzi wa lugha wasikilize vizuri. Mkusanyaji hodari huigeuza motokari na kuisoma tumboni kabla ya kutazama uzuri wake. Pale chini pameandikwa jina la kampuni, nchi, na mara nyingi namba. Magurudumu ya Matchbox yalikuwa kwanza ya madini, halafu ya plastiki ya kijivu, halafu ya plastiki nyeusi, kwa hiyo gurudumu linamwambia umri wa motokari kama mwandiko unavyotuambia umri wa hati.

Tazama suala la namba. Mfululizo mkuu wa Matchbox ulikomea kwenye namba 75. Modeli mpya ilipotoka ilirithi namba ya ile iliyoondolewa, hata namba moja ikawa ya motokari kadhaa. Wakusanyaji walitatua fujo hiyo kwa kuongeza herufi: 13a, 13b, 13c, 13d. Anayesoma uhakiki wa matini ataitambua kazi hiyo mara moja, maana ndivyo wataalamu wanavyozipa nakala za hati alama zake. Hiyo 13d, ya mwaka 1965, ni Dodge ya kuvuta magari mabovu. Kwa kawaida kichwa chake ni cha njano na sehemu ya nyuma ni ya kijani. Chache zilitoka kiwandani zikiwa kinyume, na hizo ni ghali sana. Panapokuwa na bei, udanganyifu hauko mbali; ndiyo maana mnunuzi mwangalifu huchunguza kama ribiti za tumboni zimewahi kutobolewa ili vipande vibadilishwe.

Maelezo hayo yaliyoandikwa yana faida nyingine. Madini ya motokari hizi ni hasa zinki, na zinki si ngeni kwetu, kwa maana mgodi wa Kipushi uko hapo jirani na Lubumbashi. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo tu huanza kupasuka kutoka ndani baada ya miaka. Dinky nyingi za kabla ya vita zimepatwa na ugonjwa huo. Zinavimba, zinavunjika, mwisho zinakuwa unga. Ila katalogi zimebaki, na majina, rangi na namba za motokari hizo bado vinajulikana.

Sasa tujitazame. Watoto wetu wamekuwa wakitengeneza motokari kwa waya, makopo na sapatu zilizokwisha, wakiziendesha kwa usukani mrefu huku wakitembea nyuma yake. Mtoto wa Katuba anaitaje usukani huo? Na yule wa Ruashi, au wa Bukavu? Ekseli ina jina gani mdomoni mwake, na lori linatofautishwaje na basi? Na neno lenyewe motokari, lenye asili ya Kiingereza katika nchi iliyosomeshwa kwa Kifaransa, limefuata njia gani hadi kwenye mchezo wa mtoto? Motokari ya waya haina maandishi tumboni. Ikipata kutu, inaondoka na msamiati wake wote.

Wengine watasema nchi yenye vita na mishahara isiyofika haina nafasi ya vichezeo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini vita vinapowahamisha watu, watoto hutawanyika na maneno yao ya mchezo hutawanyika nao, kwa hiyo shida hiyo inatudai tuandike mapema. Wengine watasema ukusanyaji ni anasa ya matajiri wanaoweka motokari kwenye boksi ambalo halifunguliwi kamwe. Ni kweli, na hilo tusiliige. Motokari ya waya inayonunuliwa na mgeni na kuwekwa kabatini bila jina la mtoto aliyeitengeneza imepoteza zaidi ya ile iliyooza uani.

Tunachopaswa kuiga ni usomaji wao. Napendekeza kitivo chetu kikubali motokari za watoto kuwa mada halali ya kazi za mwisho wa masomo. Kila mwanafunzi anayekwenda likizo mtaani au kijijini kwao achukue daftari, amwombe mtoto na wazazi wake ruhusa, kisha aandike mambo matano: jina la kichezeo, majina ya vipande vyake, vitu vilivyotumika, mahali na mwaka, na jina la aliyekitengeneza kama wenyewe wamekubali. Kichezeo kibaki kwa mtoto. Kazi hii haihitaji maabara wala fedha za mfadhili, na kurasa za jarida hili zinatosha kuchapisha orodha ya kwanza.