Tusiwalazimishe kumuua kwenye karatasi

KIBARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Novemba 21, 2017, kwa maelezo ya mkewe, mwandishi wa habari Azory Gwanda alifika shambani kwao Kibiti ndani ya gari jeupe, akiwa na watu ambao mama huyo hakuwafahamu. Aliuliza funguo za nyumba ziko wapi. Akasema amepata safari ya dharura, na kwamba asiporudi siku hiyo angerudi kesho yake. Mkewe alikuwa mjamzito.

Azory alikuwa akiyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen habari za mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi huko Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2016, alikuwa ametoweka Ben Saanane, msaidizi wa Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kutoweka kwa yeyote kati yao.

Waliowachukua wanastahili kusakwa, na nitaendelea kulisema hilo. Wiki hii nataka kuzungumzia wanaobaki nyumbani, kwa sababu kuna jambo Bunge linaweza kuwafanyia hata kabla ukweli haujapatikana.

Sheria zetu zinamjua aliye hai na zinamjua marehemu. Aliyetoweka hawekwi popote mpaka ipite miaka kadhaa. Kenya imeliandika hilo katika kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi: mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amekufa. Tanzania nayo tuna kanuni ya aina hiyo. Kwa Azory, miaka saba ilitimia Novemba 2024.

Fikiria kanuni hiyo inamtaka mke afanye nini. Anatakiwa aende mahakamani, kwa miguu yake na kwa kinywa chake, aombe mumewe ahesabiwe maiti. Aombe hilo katika nchi ambayo Julai 2019 waziri wake wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na akafa, kisha muda si mrefu ikatolewa kauli kwamba waziri hakueleweka vizuri. Serikali yenye polisi na maabara haikuweza kusimama na neno hilo, halafu tunataka mke alitamke peke yake mbele ya hakimu.

Na kabla ya muda huo kutimia mambo ni magumu zaidi. Hati ya kiwanja ina jina la mume. Benki inataka saini yake. Mke akienda kufuatilia mafao ya mumewe au kutafuta mkopo kwa dhamana ya nyumba, karani anamuuliza: mumeo yupo au amefariki? Akisema yupo, anaambiwa amlete. Akisema amefariki, anadaiwa cheti cha kifo, na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, haiwezi kutoa cheti cha kifo ambacho hakijathibitishwa. Akisema hajui, ambalo ndilo jibu la kweli, hapo hakuna fomu ya kumjazia. Laini ya simu isiyotumika hufungwa baada ya miezi kadhaa na namba ikapewa mteja mwingine, kwa hiyo iko siku mama atapiga namba ya mwanawe na kuitikiwa na mgeni.

Mafakihi walilikabili suala hili karne nyingi zilizopita. Mtu asiyejulikana yu hai au amekufa ana mlango wake katika fiqhi, anaitwa mafqudi, na mali yake huhifadhiwa isigawiwe warithi. Kutoka kwa Khalifa Umar ibn al-Khattab imepokewa kwamba mke asubiri miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muda. Sisi wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Shafii, tunajua kwamba kauli ya baadaye ya Imamu ni nzito zaidi kwa mwanamke: asubiri mpaka ipatikane yakini. Pamoja na hitilafu zote hizo, aliyepotea hakuachwa bila mahali katika sheria.

Wajaluo nao, wanapokuwa wameshakubali kwamba ndugu yao amekufa na mwili hauonekani, huzika tunda la yago, ule mti ambao Kiswahili kinauita mwegea. Hapo ndipo penye uzito wote: wameshakubali. Aliyeambiwa "nitarudi kesho" hana pa kuanzia.

Wala si suala la siasa tu. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi Septemba 10, 2011, maiti zilizopatikana zilikuwa kama 200, na zaidi ya watu elfu moja hawakuonekana tena. Nyumba ngapi Unguja na Pemba zilisoma hitima bila kaburi, kisha zikaanza kuhangaika na makaratasi?

Argentina ilipitisha sheria mwaka 1994, namba 24.321, inayomruhusu hakimu kumtangaza mtu kuwa hayupo kwa sababu ya kutoweshwa. Familia inapata haki za mali na ndoa kama wanavyopata wafiwa, bila mtu yeyote kuandika kwamba amekufa. Akirudi, anarudishiwa nafasi yake. Sri Lanka ilifuata mwaka 2016 kwa kuanzisha cheti cha kutokuwepo. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu watu wanaotoweshwa, katika kifungu cha 24, unazitaka nchi zishughulikie hali ya kisheria ya waliotoweka na ya jamaa zao: mafao, fedha, ndoa na mali. Kenya na Tanzania ziliutia saini. Kuuridhia ndiko kumekwama.

Bunge letu nalo linaweza kuanzisha cheti cha namna hiyo. Nimesikia hoja ya wanaopinga, na ninaiheshimu kwa sababu inatoka kwa wenye uchungu. Wanasema serikali ikishatoa cheti itapumua na kulifunga jalada. Hata miongoni mwa akina mama wa Plaza de Mayo, walioanza kukusanyika Buenos Aires Aprili 1977 kudai watoto wao waliotoweshwa, wapo waliokataa fidia na kupinga makaburi kufukuliwa, wakihofia kwamba dola ingejiona imeshalipa deni. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuiandika ndani ya sheria yenyewe: cheti kibebe namba ya jalada la polisi, jalada lisifungwe kwa sababu ya cheti, na afisa anayetajwa kwa jina aieleze familia kila baada ya miezi mitatu amefanya nini. Anayeripoti leo polisi anapewa namba ya taarifa yake (RB) na kuambiwa akasubiri, na kila akirudi kituoni anaanza kusimulia upya kwa askari mwingine.

Uharaka upo. Desemba 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisema kwamba tangu Juni mwaka huo ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa, na 29 kati yao walikuwa bado hawajaonekana. Kwetu, Agosti 2024 alitoweka kijana wa Chadema wa Temeke, Deusdedit Soka, pamoja na wenzake wawili.

Kuna funzo jingine Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili ya wafuasi wa dhehebu la kufunga hadi kufa ilianza kufukuliwa huko Aprili 2023, ikazidi 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Malindi Machi 2024, baada ya vinasaba kulinganishwa. Karibu mwaka mzima ulipita, na hiyo ni pale ambapo jamaa waliitwa na kutoa sampuli zao. Sampuli za wazazi na watoto zingekuwa zinachukuliwa siku mtu anaporipotiwa, zikatunzwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kila maiti isiyotambuliwa katika chumba chochote cha maiti ingelinganishwa nazo kabla ya manispaa kuizika. Wazazi wa waliotoweka miaka ya 2016 na 2017 wanazeeka. Kuchukua sampuli zao hakuhitaji muswada wala kikao cha Bunge; kunahitaji Mkemia Mkuu na Jeshi la Polisi wakubaliane tarehe, na waitangaze.