Mvua Haikuiharibu Safari Yetu

Katika kumbukumbu za chama chetu, ukurasa wa safari ya Mombasa, katibu ameandika sentensi moja tu: safari iliharibiwa na mvua. Nilipoisoma nilighadhabika si haba. Mimi nilikuwemo, na niliroa chapachapa kama kifaranga, kwa hivyo nina haki ya kumpinga waziwazi katika kurasa hizi.

Sikatai kwamba ilinyesha. Tulikwenda mwezi wa Mei, na anayeshuka pwani mwezi huo bila mwavuli asimlaumu mtu. Tulifika alfajiri baada ya kusafiri usiku kucha, tukazurura kidogo katika vichochoro vya Mji wa Kale tukingoja Ngome ya Yesu ifunguliwe. Huko rafiki yangu mmoja (simtaji, asije akaninunia) aliona mlango wa nakshi wenye pete ya shaba, akaigonga kwa nguvu apate kusikia mlio wake, kisha sote tukatoka mbio tukicheka. Likumbuke hilo, msomaji.

Ngomeni mwelekezi alitueleza kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi wakaiteka 1698, na kwamba Waingereza waliigeuza gereza hadi 1958. Tukaandika tarehe zote mbiombio, mithili ya watu wanaofukuzwa. Mara mbingu zikatoboka. Wenzetu wengi, katibu akiwa mstari wa mbele, wakatimka hadi basini, wakashinda humo wakila viazi karai na kunung'unika.

Sisi sita tulibaki na mwalimu mlezi. Tulijibanza ukutani tukalitazama birika ambalo Wareno walilijenga kukingia maji ya mvua. Siku ya jua lile ni shimo tu, unalipita. Siku ile lilikuwa likipigwa na matone hadi linavuma, nami nikawaza habari ya watu waliofungiwa mle zaidi ya miaka miwili, bahari mbele na adui nyuma. Wao hawangeiita mvua uharibifu!

Ilipopungua kidogo tukaingia tena Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu. Haikuchukua dakika kumi ikarudi kwa kishindo, tukakimbilia baraza ya nyumba moja. Mlango ukafunguliwa, akatokea ajuza mmoja mwenye leso mabegani.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mwatoka wapi? Ingieni ndani, mvua yanya hii!"

Jamani, tulicheka. Kwetu bara neno hilo lina maana moja tu, na haitajwi mezani. Bibi akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza mwalimu, kwa upole, hawa watoto wanasoma nini. Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini kwamba sisi ni Chama cha Kiswahili. Ningepewa tundu la panya wakati huo ningeingia. Baadaye mwalimu alitueleza kuwa mvua kunya ndiyo asili yenyewe, na hili "nyesha" tunaloringa nalo limezaliwa na hilo hilo "nya". Miaka yote nimekuwa nikikariri ngeli, na sikulijua hilo.

Ndani kulikuwa na mabeseni matatu sakafuni, na maji yakidondoka kutoka darini. Bibi alituonyesha boriti za mikoko zilizobeba dari, na kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo, alisema, hunywa maji na kuyatoa tena. Upande mmoja walikuwa wamepiga plasta ya saruji ili kupunguza gharama, na hapo ndipo unyevu ulipokwama ndani, ukuta ukaanza kubanduka vipande. Fundi wa chokaa si rahisi kumpata, na akipatikana ana bei yake. Nyumba za mitaa hii huliwa hivyo, kidogo kidogo, na sisi wageni tunapita nje tukisifu milango.

Tulipewa chai ya tangawizi na mahamri. Tulipokuwa tunaaga, bibi akasema, "Asubuhi kuna mtu alinigongea mlango kwa nguvu. Nilishuka ngazi zote zile na mguu huu, nisione mtu."

Kimya. Tulikuwa tumerudi mlango ule ule bila kujua. Rafiki yangu alitazama viatu vyake, kisha akasema ni yeye, naye akaomba radhi. Bibi akacheka hadi akashika ukuta, lakini mimi sikuweza kucheka.

Basi nauliza: iliyoharibika ni safari ipi? Kama isingenyesha, tungeona ngome, milango, na bandari ya zamani, tukarudi na daftari limejaa miaka na tusiwe tumemsalimu mtu hata mmoja anayeishi mle. Kisha tungejiita wapenzi wa Kiswahili! Rai yangu ni kwamba mwaka ujao tupunguze mahali pa kuzuru, na mwalimu aombe mapema wenyeji wawili watatu wa kutupokea. Na yeyote atakayebaki basini asiandike ripoti.

Nimemwomba katibu aifute sentensi yake. Hadi gazeti hili linakwenda mitamboni, hajaifuta.