Kuta za Chokaa Hazioshwi kwa Kishindo

Siku hizi mwenye nyumba hujiuliza: nikodi mashine ya kuoshea kuta kwa maji ya nguvu, au nimwite fundi? Swali hilo lina linalolitangulia: ukuta wenyewe umejengwa kwa kitu gani?

Sakafu ya saruji huvumilia. Ajimuduye na aioshe mwenyewe, mradi asipande ngazi na mpira mkononi, kwani msukumo wake waweza kumwangusha. Lakini majumba ya kale ya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Hata mashine ndogo ya nyumbani hurusha maji kwa nguvu mara 20 au zaidi kuliko mfereji. Ukungu hutoka, na lipu hutoka nao. Maji nayo hupenya hadi kwenye boriti za mikoko. Kisha pengo huzibwa kwa saruji, ambayo huzuia unyevu usitoke, jiwe likaliwa kwa ndani.

Basi fundi wa kweli si mwenye mashine kubwa, bali ni ajuaye chokaa. Asiyempata, brashi laini na ndoo ya maji vyamtosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Sembuse yule autiaye ufa kwa mkono wake mwenyewe?