Kukodi Ndege Ugenini
Rubani wa Nairobi, ajapokuwa na leseni halali mfukoni, afikapo Marekani akatamani kukodi Cessna 172, kile chombo cha watu wanne alichokizoea kwao, hana budi kwanza mamlaka ya anga ya huko isadikishe leseni yake na kumpa hati yao, kwa kuwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 umeifungamanisha hati ya rubani na nchi iliyoisajili ndege. Wala hati haitoshi: mwenye chombo humrusha kwanza pamoja na mwalimu, atazamwe atuavyo. Wako waonao hiyo ni dhila. Mimi siioni, maana hata nahodha hodari, aingiapo bandari asiyoijua, humpokea chomboni rubani wa pale, naye ndiye mwenye asili ya jina hili.