Kasi ya Mashua Mtoni Tana: Twapima Ipi?

Mnamo Novemba 2023, na kwa mara nyingine Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika hadi ukaikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi karibu na Madogo. Mahali paitwapo Kona Punda, ambapo msafiri hakuzoea kuona ila lami na vumbi, pakawa kivuko. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyokuwa imejaa abiria ilipinduka hapo. Watu 23 wakaokolewa, na wengine wakafa maji. Sidai hata kidogo kwamba kasi ndiyo iliyoipindua. Lakini kila pazungumzwapo usalama wa vyombo vya majini, hapakosekani mtu wa kupendekeza vifaa vya kupimia mwendo, na punde mjadala unageuka kuwa wa bidhaa: je, kilicho sahihi zaidi ni GPS ya mkononi, ile ifungwayo chomboni, au simu iliyomo mfukoni mwa kila abiria?

Swali hilo si gumu kulijibu. Aghalabu watu hudhani kwamba kifaa hupima umbali kati ya nukta mbili kisha kikagawanya kwa muda. Lau ingekuwa hivyo tu, kosa la mita mbili au tatu katika kila nukta lingevuruga kabisa hesabu ya sekunde moja. Vifaa vingi huchunguza jinsi mawimbi ya redio ya setilaiti yanavyobadilika kwa sababu ya mwendo, kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, na kwa njia hiyo hata simu ya kawaida, ikiwa wazi chini ya anga, huweza kukosea kwa sehemu ndogo tu ya kilomita kwa saa. Tofauti kubwa imo kwingineko. Kifaa kimoja husoma mara moja kwa sekunde, kingine mara kumi. Kimoja huonyesha kila mtikisiko, kingine hulainisha tarakimu ili zimpendeze mtazamaji, na kwa hiyo huchelewa kuonyesha mashua inapochomoka ghafla au kusimama. Miti mirefu ya ukingoni nayo huziba sehemu ya anga. Anayetaka kulinganisha vifaa hana budi kuviweka katika chombo kimoja, wakati mmoja, mahali pamoja. Akivipima katika safari mbili, atakuwa amelinganisha mto na mto.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata ruhusa ya kuingilia mambo ya wanafizikia. Tusemapo “kasi ya mashua”, twasema mambo mawili kwa jina moja. Iko kasi ya chombo kikilinganishwa na ardhi, na iko kasi yake kikilinganishwa na maji yanayokibeba. GPS, iwe ya bei ya juu au ya chini, huijua ile ya kwanza peke yake. Tuseme injini inaisukuma mashua majini kwa kilomita 12 kwa saa, na mto unakwenda 7. Ikipanda mto, kifaa kitaonyesha 5, ikiteremka, 19. Mto ukijaa hata ukakimbia 12, nahodha anayepanda atasoma sufuri huku injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Na injini ikizimika, kifaa kitamwonyesha 12, tarakimu ya kupendeza, ilhali anachukuliwa tu kama gogo.

Mabaharia wa zamani hawakuwa na utata huu. Kamusi zetu kongwe zinalo neno “batli”, lenye maana ya chombo cha kupimia mwendo wa meli na vilevile daftari la safari. Katika ubaharia wa kale kipimo hicho kilikuwa ubao uliotupwa majini ukiwa na kamba yenye mafundo, na mafundo yaliyopita mkononi kwa muda maalumu yakahesabiwa. Ndiyo asili ya “fundo” kuwa kipimo cha mwendo, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Batli ilipima kasi ya majini. Kifaa cha leo kimeichukua nafasi yake bila kulijibu swali lake, na neno lenyewe limetutoka. Napendekeza tuseme “kasi ya ardhini” na “kasi ya majini”, mpaka mwenye maneno bora ayalete. (“Mwendokasi” siligusi, Dar es Salaam wamekwisha kulipandisha basi.)

Walimu wa Garissa wanao mto mlangoni, na somo hili halihitaji mwanafunzi kuingia mashuani, wala mamba wa Tana hawabagui mwalimu na mwanafunzi. Maji yakiwa yametulia, pimeni mita 50 ukingoni mahali palipo salama, mtupe kijiti, mshike saa. Kikipita kwa sekunde 25, maji yanakwenda mita 2 kwa sekunde, sawa na kilomita 7.2 kwa saa, japo katikati ya mto huwa ni zaidi. Kisha mwombeni nahodha apande na kuteremka, injini ikiwa katika nguvu ileile, awasomee tarakimu za kifaa chake. Wastani wa 5 na 19 ni 12, ambayo ndiyo kasi ya majini. Mwanafunzi atakayejumlisha kilomita moja ya kupanda na moja ya kuteremka, akagawanya kwa muda wote, atapata takriban 8, naye ataapa kwamba mwenziwe amekosea. Waacheni wabishane kwa kitambo.

Ubishi huo huo ndio ninaotamani kuusikia kabla ya yeyote kuandika kanuni ya mwendo wa mashua za kuvusha watu. Kanuni isemayo “zisizidi kilomita 10 kwa saa” bila kutaja kasi ipi itamtia hatiani nahodha anayeteremka polepole na kumwachilia anayepanda kwa fujo, mawimbi yake yakiutikisa mtumbwi wa Mpokomo aliye kando.