Mizania Nayo ni Matini

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msusi wa Soko la Kenyatta jijini Nairobi anajua hivyo: kilichoingia, kilichotoka na deni lililobaki ndiyo hesabu yake ya kila jioni. Taarifa ya fedha ya kampuni haina siri nyingine.

Hata hivyo, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, wengi walinunua kwa kufuata mkumbo, baadhi yao kwa mikopo. Bei ilishuka chini ya shilingi 3. Aliyelazimika kuuza alipata hasara. Aliyevuta subira alivuna baadaye.

Lakini subira pasipo kusoma ni kamari. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilitangaza hasara mwaka 2013 na miaka iliyofuata, hadi ikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Onyo lilichapishwa magazetini, ila kwa Kiingereza cha wahasibu.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na istilahi zipo: mizania, gawio, mtiririko wa fedha. Mhakiki hulinganisha sura na sura; amfunze mwekezaji kulinganisha mwaka na mwaka, na kuuliza iwapo faida iliyotangazwa ni fedha taslimu au ni ahadi za wadaiwa. Daftari lisilosomeka lamfaa nini mwenye mali?