Gesi Si Hewa, Bwana!

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wenzangu mnaokesha na kalamu, leo nina ugomvi.

Nilimpa mswada wa riwaya yangu bwana mmoja anayejiita mlinzi wa Kiswahili. Ukarudi umejaa wino mwekundu kama kachinjia kuku juu yake. Kila nilipoandika "gesi" kafuta, kaweka "hewa". Pembeni kaandika: neno la kigeni, halina asili.

Halina asili! Haya, tuanze hapo. Hilo "gas" la Kiingereza, herufi tatu tu, Waingereza wenyewe wamelikopa. Lilitungwa na Jan Baptist van Helmont, tabibu wa kule Brussels aliyefariki 1644. Alikuwa akichunguza kitu kinachotoka kwenye mkaa unaoungua, akakikosea jina, akachukua neno la Kigiriki "chaos", yaani ile vurugu ya kabla dunia haijapangika, akaliandika kwa sikio la kwao. Kitabu chake kilitoka 1648, mwenyewe yuko kaburini. Toka hapo neno likatembea. Mmarekani akisema "gas" mara nyingi anataka petroli. Kwa Mwingereza laweza kuwa domo tupu. Aprili 1915 kule Ypres likawa sumu, askari wakafa wakikohoa. Sisi tukalipokea tukalitia irabu zetu, kama "bank" ilivyokuwa benki na "bag" begi. Likawa la soda, la jiko, na la tumbo la mtu aliyezidisha maharage.

Kisha kuna la kwetu Mtwara, na hili ndilo analolifuta bwana yule. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa, ikawa wazi kwamba bomba la kwenda Dar es Salaam liko palepale. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimekwenda mjini kwa shangazi. Alitusukumia uvunguni mwa kitanda, macho yanawaka kwa mabomu ya machozi (nayo si gesi hayo?). Watu walikufa. Wanajeshi wakaletwa. Na katika miezi yote ile hakuna hata mmoja niliyemsikia akipiga kelele "hewa haitoki"! Walisema gesi. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015.

Huku Mtawanya bibi yangu anapikia kuni mpaka leo. Jirani ana mtungi, lakini kilichomo si cha Mnazi Bay. Ni gesi nyingine kabisa, imekuja kwa meli kutoka ng'ambo. Neno moja, vitu viwili, na mnunuzi yupo katikati anakuna kichwa. Mwandishi gani ataacha utamu kama huo?

Na hiyo hewa anayoilinda, kumbe nayo ni ya Kiarabu! Tena mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa ikisaka wafanyakazi hewa, na kila mtoto wa mjini akajua kuwa ukiitwa hewa maana yake haupo. Sasa niandike kwamba watu wa Mtwara walikufa kwa ajili ya kitu kisichokuwapo?

Mswada nimeuandika upya. Gesi zote arobaini na moja zimerudi mahali pake. Sura ya nne nimeongeza nyingine mbili, na kesho naupeleka kwake kwa mkono wangu mwenyewe.